"Sista, niombee": nilivyorudi kukaa na Mungu kimya huku nafanya kazi ya zamu

Naandika hii nikiwa nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, watoto wako shule, na nimeamua nisilale mpaka nimalize maana kila nikisema nitaandika kesho inakuwa kesho kutwa. Naandika kwa ajili ya Mkristo yeyote ambaye ratiba yake imevurugika, hasa wenzangu wa kazi za zamu, manesi, walinzi, madereva wa malori, akina mama wenye vichanga, yaani nyie ambao mkisikia mahubiri ya kuamka alfajiri kuutafuta uso wa Bwana mnainamisha kichwa kwa sababu alfajiri mko kazini au ndo kwanza mtoto amekubali kulala.

Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi hapa Dar, naishi Mbagala, nimeolewa na nina watoto watatu. Nimezaliwa Rungwe, mkoa wa Mbeya, kwenye familia ya Moravian, kanisa la Kiprotestanti, kwaya nimeanza darasa la nne. Nasema haya ili ujue sikuwa mtu wa mbali na kanisa. Nilikuwa ndani kabisa, na ndo maana ilinichukua muda mrefu kuona kwamba nimepotea.

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2021, usiku, tuko manesi wawili na akina mama tisa. Kulikuwa na binti mmoja mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita sita, uchungu umemkamata vizuri lakini haendelei haraka, na hakuwa na ndugu pale ndani. Nimeinama nasikiliza mapigo ya mtoto akanishika kifundo cha mkono, akakibana kweli kweli, akasema "sista, niombee." Nikamwambia sawa mama. Nikafungua mdomo na kilichotoka ni yale yale maneno ninayosema Jumapili nikipewa maiki, "Baba katika jina la Yesu tunakushukuru kwa siku hii njema," siku hii njema, saa nane usiku, binti anatoka jasho, na macho yangu yako kwenye saa ya ukutani nahesabu uchungu wake umechukua sekunde ngapi. Sidhani kama nilimaliza hata nusu dakika. Akasema amina, akaniachia mkono, akageukia ukutani. Hakulalamika. Ila nilimwona alivyogeuka, kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu.

Alijifungua salama saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa kiume kilo tatu na kidogo, akalia vizuri. Mimi ndo sikuwa salama. Kwenye daladala narudi Mbagala nikajiuliza, hivi mara ya mwisho nimeongea na Mungu peke yangu, bila maiki, bila kikundi, bila mtu wa kusema amina, ilikuwa lini? Nikarudi nyuma mwezi baada ya mwezi nikafika mkesha wa mwaka mpya. Miezi sita. Nikafunika uso na kitenge nikalia mpaka konda akaniuliza kama nimefiwa.

Ngoja nieleze wiki yangu ilivyokuwa maana najua wengi mtajiona humo. Kwaya Jumanne na Alhamisi kama siko kazini, na kama niko kazini nabadilishana zamu na mtu ili niende, alafu nalipa ile zamu siku ambayo ningepumzika. Idara ya akina mama nilikuwa katibu. Kamati ya fedha nimo. Jumuiya ya mtaani nimo, na mara nyingi inasaliwa kwangu. Magrupu ya wasapu ya kanisa saba, na kwenye mawili mimi ndo naweka neno la asubuhi, nalikopi kutoka grupu lingine nalipeleka bila hata kulisoma mpaka mwisho. Kwa wiki nilikuwa naomba labda mara kumi na zote mbele za watu. Kila mtu aliniona mtu wa maombi na mimi mwenyewe niliamini hivyo. Lile neno la Bwana kwa Martha, "unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, lakini kinatakiwa kitu kimoja tu," nimelifundisha kwa akina mama si chini ya mara tatu, na siku ya kulifundisha nilichelewa kwa sababu nilikuwa napika pilau la semina.

Nilivyojua nina shida nikafanya makosa mengine, na haya ndo hasa nataka mjiepushe nayo.

La kwanza nilikwenda dukani. Nikanunua Biblia mpya yenye zipu shilingi 48,000, diari nzuri 25,000, kalamu za rangi za kupigia mistari. Kwa mshahara wangu na ada za watoto hiyo sio hela ndogo, na mume wangu alinyamaza tu lakini niliona. Biblia ya zamani ilikuwa na kila kitu ambacho mpya inacho. Nilitaka kuhisi nimeanza upya na dukani ilikuwa njia rahisi kuliko kukaa chini.

La pili nikaweka alamu saa kumi usiku nisome Biblia yote kwa mwaka. Biblia ina sura 1,189 kwa hiyo ni kama sura tatu na kidogo kila siku, ukihesabu kwenye karatasi inaonekana nyepesi. Siku kumi na moja nilienda vizuri. Alafu zikaja zamu nne za usiku mfululizo, nikirudi nalala kama gogo, nikija kushtuka nadaiwa sura kumi na tatu. Nikajaribu kulipa siku ya mapumziko, nikawa nasoma mbio mbio bila kuelewa, mtoto akiniita namwambia subiri nasoma neno la Mungu, kwa sauti ambayo haikuwa ya Mungu kabisa. Kufika Walawi nilikuwa nadaiwa sura zaidi ya thelathini, nikafunga zipu nikaiweka juu ya kabati. Na kila nikipita pale kabatini nasikia aibu. Biblia ikawa kama mtu ninayemkwepa kwa sababu nina deni lake.

La tatu lilikuwa hatari. Nikaona labda mwili ndo unanizuia, nikaingia mfungo wa siku ishirini na moja, sili wala sinywi mpaka jioni, huku naendelea na kazi kama kawaida. Siku ya sita nimesimama na sindano mkononi navuta dawa, mkono unatetemeka na namba kwenye kichupa nazisoma mara mbili siamini ninachokiona. Nesi mwenzangu wa zamu alinitazama, akaja akanitoa ile sindano mkononi taratibu, akasema "dada yangu kaa chini." Akaniletea maji na juisi, akamaliza kazi yangu na yake. Ingekuwa hakuniona mimi leo naandika kitu kingine kabisa. Naomba sana, kama unashika dawa za watu, unaendesha gari, una kisukari au vidonda vya tumbo au unanyonyesha, ongea na daktari na mchungaji wako kabla hujafunga, na usiingie zamu ya usiku tumbo kavu na koo kavu. Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, pale jangwani chini ya mti wa mretemu, malaika hakumpa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Mara mbili. Ndo baadaye, kule mlima Horebu, akaisikia ile sauti ndogo ya utulivu.

Huyu mwenzangu aliyenitoa sindano ni Mwislamu, na lazima nimtaje kwa heshima kwa sababu nilijifunza kwake bila yeye kujua. Tumekaa zamu moja miaka. Alfajiri ikifika, kama hakuna mama anayesukuma, ananiambia dada nakuja, anaingia chumba cha kubadilishia nguo, anatandika mswala wake kati ya makabati na ndoo za usafi, anaswali, anarudi. Dakika tano, saba. Hasubiri chumba kiwe kizuri. Akikuta kuna dharura anafanya dharura kwanza, alafu anaenda. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nasema mazingira ya kazi yangu hayaruhusu.

Sasa kilichonigeuza kabisa kilikuwa safari ya nyumbani. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo nikapata likizo nikaenda kwa bibi yangu mzaa mama. Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, alafu unaongeza kama sabini kufika Tukuyu, tulitoka alfajiri tukafika usiku miguu imevimba, mvua inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka ya kuisha. Bibi yuko peke yake na mjukuu mmoja, umri umekwenda, miguu inamsumbua.

Asubuhi nikaamshwa na baridi, nikasikia mtu anaongea jikoni. Jiko la bibi ni la nje, la kuni, moshi umetia weusi ukuta mzima. Nikasimama mlangoni. Amekaa kwenye kigoda, khanga mbili mabegani, sufuria ya chai iko motoni, na mkononi ana kile kitabu chetu kidogo cha neno la siku, kimechakaa pembe zote, amekisogeza karibu na moto apate mwanga. Anasoma mstari, ananyamaza. Anausoma tena, ananyamaza. Akaimba ubeti mmoja kwa Kinyakyusa, sauti imekatika katika. Alafu akaweka kitabu mapajani, mikono juu yake, akakaa tu. Anaangalia moto. Kuni ikiteleza anaisukuma ndani na kidole cha mguu, anarudi kukaa. Baadaye akaanza kutaja majina, moja moja, mjomba, shangazi, mimi, mume wangu, watoto wangu watatu kwa majina yao yote, mtoto wa jirani mwenye kifafa, ng'ombe. Chai ilipochemka akasema amina akaiondoa motoni.

Ndo ilikuwa imeisha. Muda wa sufuria ya chai kuchemka.

Nikamwamkia, nikakaa chini kwenye magunia nikamwuliza, bibi unafanya hivi kila siku? Akashangaa swali. Akasema kwetu ukiamka unamwambia mtu ugonile, umelalaje, sasa nitawasalimia majirani wote nimwache aliyenilaza? "Mimi namsalimia yeye kwanza, alafu nawasalimia nyinyi." Nikamwuliza na siku ukishindwa? Akasema siku akiumwa anasalimia akiwa kitandani, na siku akisahau anasalimia akikumbuka. "Kwani ukikuta hujamsalimia mama mkwe wako asubuhi, utakwenda jioni kumpa salamu tano za kufidia?" Nikakaa kimya. Ule mzigo wa sura thelathini niliokuwa naudaiwa uliniondoka pale pale kwenye magunia.

Kwa wasiokijua, hicho kitabu kila siku kina mistari miwili, mmoja wa Agano la Kale na mmoja wa Agano Jipya, na ubeti wa wimbo au sala fupi. Kilianzia kijiji cha Herrnhut kule Ujerumani, kimechapwa kila mwaka tangu 1731, ule mstari wa Agano la Kale unachaguliwa kwa kura, na wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891 ndo maana bibi yangu anacho jikoni. Nimekua nacho. Kwetu Dar kilikuwepo, kipo chini ya runinga pamoja na vitabu vya umeme.

Nikiwa pale kwa bibi nikakumbuka kitu kingine tulichofundishwa darasa la kipaimara, nilikikariri kwa ajili ya mtihani na kikaishia hapo. Mwaka 1727, mwezi wa nane, watu wa Herrnhut, ambao wengi walikuwa wakimbizi na mafundi wa mikono, watu wa kazi tu, walipatana waombe usiku na mchana bila kukatika. Wanaume 24 na wanawake 24 wakagawana saa, kila mtu saa yake, na inasimuliwa kwamba iliendelea miaka mia moja. Nilisikia hiyo habari utotoni mara nyingi na siku zote niliona ukubwa wa miaka mia. Siku ile nikaona neno moja. Zamu. Walikuwa na zamu! Kuna mwanamke alipangiwa saa nane usiku. Hakuna aliyemwambia kwamba maombi yake ni pungufu kwa sababu hayakuwa ya alfajiri. Mimi nilikuwa najilaumu kwa kushindwa saa ya mtu mwingine wakati yangu ipo, sijaikalia tu.

Niliporudi Dar nikafanya hivi, na naeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndo watu huniuliza.

Niliacha saa nikashika tukio. Saa yangu haitulii, wiki hii niko asubuhi, wiki ijayo mchana, inayofuata usiku, kwa hiyo alamu ya saa kumi ni kujidanganya. Lakini kila siku ya maisha yangu, zamu yoyote, kuna wakati nimeoga na sijala. Nikitoka usiku ni saa tatu asubuhi, nikiwa zamu ya asubuhi ni saa kumi na moja alfajiri, zamu ya mchana ni saa mbili watoto wameshaondoka. Nimeoga, sijala, nakwenda kwenye kiti. Mwili wenyewe ukazoea, siku hizi nikijifuta maji tu moyo unaanza kutulia. Wewe tafuta tukio lako ambalo halikosekani, kumnyonyesha mtoto, kufungua duka kabla hujapandisha shata, dakika za kwanza kwenye lori kabla hujawasha injini.

Kiti ni cha plastiki, kipo nyuma ya nyumba karibu na tanki la maji. Sio mahali pazuri. Jirani ana bendi ya watoto wake na ndoo, upande wa pili kuna fundi wa kuchomelea anaanza kazi saa mbili, na kuna grosari ambayo haizimi muziki. Bwana wetu mwenyewe alitoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu, ipo Marko sura ya kwanza, lakini endelea kusoma utaona Simoni na wenzake wakamfuata, wakamwambia watu wote wanakutafuta. Hata yeye hawakumwacha amalize. Kwa hiyo usisubiri kimya cha nje. Hapa Mbagala ukisubiri utasubiri mpaka kufa. Mimi masikio yalichukua kama wiki tatu kuzoea, sasa mashine ya fundi naisikia kama mvua.

Simu inabaki ndani, juu ya kabati la vyombo, na sisomei Biblia ya kwenye simu. Najua wengine wanaweza, mimi nilijaribu, nafungua Zaburi inaingia meseji ya ada, nafungua kuangalia mara moja, nikija kushtuka niko kwenye picha za harusi ya mtu nisiyemjua na dakika ishirini zimekwenda. Karatasi haina meseji.

Nina kaunta buku la kawaida, sio ile diari. Ukikaa kimya kichwa ndo kinaanza, gesi imeisha, sijamjibu shemeji, sare ya mtoto imechanika. Mwanzoni nilipigana nayo nikaona nimeshindwa kuomba. Sasa naandika neno moja, "gesi," naacha, narudi. Likishaandikwa linatulia kwa sababu linajua sitalisahau. Siku nyingine naandika mambo kumi na mbili ndani ya dakika kumi, na bado nahesabu kwamba nilikaa na Mungu, maana mara kumi na mbili nilirudi.

Nilianza na dakika saba. Naomba usianze na saa nzima. Dakika saba kila siku kwa miezi mitatu, alafu zikaongezeka zenyewe zikafika kumi na tano, leo huwa ni ishirini kama hakuna haraka. Na mpangilio ni ule ule wa bibi. Namsalimia. Nasoma mistari miwili kwa sauti, mara mbili, polepole. Nakaa. Hapa kwenye kukaa ndo wengi wanauliza unafanya nini, na jibu langu ni kwamba sifanyi, nipo, kama unavyokaa na mama yako barazani mnachambua mchicha. Alafu majina. Wale akina mama wa wodini wengi majina siyashiki, kwa hiyo nawataja kwa vitanda, mama wa kitanda cha nne aliyepoteza mtoto, mama wa kitanda cha saba mwenye presha. Mungu anawajua. Namaliza na Baba Yetu, sentensi moja, napumua, sentensi nyingine.

Siku nikikosa, nimekosa. Kesho nasoma la kesho. Sirudi nyuma kulipa.

Sasa gharama, maana sitaki mtu adhani nilipata haya bure. Nilijiuzulu ukatibu na kamati ya fedha. Nilikwenda kwa mzee wa kanisa nyumbani kwake, uso kwa uso, nikamweleza ukweli kwamba natumika mpaka sina muda na ninayemtumikia, nikaomba nibaki kwaya na jumuiya tu. Yeye alinielewa kuliko nilivyotegemea. Lakini maneno yalitembea. "Amepoa." "Amerudi nyuma." "Siku hizi anajiona." Mama mmoja ambaye tulikuwa tunakula sahani moja aliacha kunipigia simu, na mpaka leo hatujarudi tulivyokuwa. Iliniuma na bado inauma. Kama unataka kupunguza majukumu, nenda kaongee kabla hujaanza kukosekana, kabidhi vitabu na hela kwa maandishi, mfundishe anayekupokea, usiondoke kama unakimbia. Mimi kwenye kamati ya fedha nilichelewesha makabidhiano wiki tano na hayo ndo yaliyoleta maneno mengi, hilo kosa ni langu.

Nyumbani pia nilikosea mwanzo. Nilikuwa najificha, natoka nyuma kimya kimya, mume wangu akawa anaona tu mke katoka kazini badala ya kumsalimia anakwenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Akadhani nina tatizo, au nina hasira naye. Wiki mbili hakusema kitu, siku ya kusema tukagombana. Ningemwambia tangu siku ya kwanza isingefika huko. Nilipomwelezea, mpaka lile la binti wa leba, alinyamaza, alafu kesho yake nilikuta amekifuta kile kiti na kukiwekea mto. Tukapatana, nikirudi namsalimia kwanza na tunaongea, alafu naoga, alafu hizo dakika ni zangu na watoto wanakuwa wake. Na yeye Jumamosi anachukua zake, mimi nakaa na watoto. Watoto wanajua mama akiwa kwenye kiti hawaniiti ila mtu ameumia. Yule mdogo huwa anakuja anakaa kwenye ngazi na chungwa lake anamenya, hasemi kitu, akimaliza anaondoka. Simfukuzi.

Kuna kitu lazima niseme kuhusu siku kavu kwa sababu watu wakisikia ushuhuda wanadhani ukikaa tu unasikia raha. Mimi siku nyingi sisikii kitu. Kuna miezi miwili mwaka 2023, baada ya kumpoteza mama mmoja mikononi mwetu kwa kutoka damu, nilikaa pale kwenye kiti nikiwa sitaki hata kuongea na Mungu. Nilikaa hivyo hivyo. Nilikuwa nasoma Zaburi za kulalamika, ya 13, ya 88 ambayo inaishia gizani kabisa, nazisoma kwa sauti kama maneno yangu. Siku moja nililala usingizi kwenye kiti, Biblia ikaanguka kwenye maji ya tanki. Niliamka najilaumu alafu nikakumbuka kwamba Zaburi ya 127 inasema yeye humpa mpenzi wake usingizi. Kama ni wewe umetoka usiku na umelala katikati ya sala, umelala mahali pazuri. Ila kama huzuni ya kazi inakuzidi wiki hadi wiki, tafuta pia mtu wa kuongea naye, mchungaji, mshauri, daktari. Mimi nilikwenda, na sikuona kwamba nimepunguza imani.

Kazini kimebadilika kidogo tu. Bado nina haraka, bado kuna siku nampandishia mama sauti na inabidi nirudi kumwomba msamaha kitandani kwake. Lakini mtu akiniambia sista niombee, naweka chini nilichoshika kama hali inaruhusu, namwuliza jina lake, na mara nyingi namuombea sentensi mbili tu. Inatosha. Siangalii saa.

Bibi bado yupo. Mwaka jana macho yamekataa kabisa, hata akisogeza kitabu motoni haoni, na mjukuu aliyekuwa naye amekwenda shule ya bweni. Kwa hiyo nikimaliza kwenye kiti nachukua simu juu ya kabati nampigia, jirani yake anampelekea. Namwambia mugonile bibi, anaitika, anauliza leo neno linasema nini. Namsomea mistari yote miwili. Kimya. Nasikia kuni zinapasuka huko kwake. Alafu anasema, "soma tena, polepole, ulikuwa unakimbia."